Shule ya Sekondari ya Central, Little Rock: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia na jengo lake

Wengi wanaijua shule hii kwa picha moja. Msichana Mweusi wa miaka 15, Elizabeth Eckford, mmoja wa wanafunzi tisa Weusi wa kwanza kuandikishwa hapo, anatembea akiwa amevaa miwani ya jua, daftari kalikumbatia kifuani, na nyuma yake msichana wa Kizungu kapanua kinywa akimfokea. Ilipigwa tarehe 4 Septemba 1957 mjini Little Rock, makao makuu ya jimbo la Arkansas, Marekani. Habari za msichana huyo zimesimuliwa sana, na ndivyo inavyostahili. Jengo lililokuwa kando yake halizungumzwi kiasi hicho, na mimi naamini kuwa asiyejua jengo lile liligharimu nini, na nani alikatazwa kuingia humo, hawezi kuelewa vizuri kwa nini watu wazima walitoka majumbani mwao kwenda kumzomea mtoto aliyekuwa anawahi darasani. Kwa hiyo majibu haya yanaanzia kwenye zege na fedha.

Je, shule ilianzishwa mwaka 1927?

Hapana. Mwaka 1927 ni wa jengo, si wa shule. Sekondari ya umma ya mji huo ina mizizi tangu 1869, ilipoanza kama Sherman School katika jengo la mbao, miaka minne tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika na utumwa kufutwa. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1873. Ikahamahama: mwaka 1885 ikaenda mtaa wa Scott, mwaka 1890 likajengwa jengo la Peabody kwa msaada wa mfuko wa elimu ulioachwa na tajiri George Peabody, kisha 1905 mji ukaunganisha kila kitu katika Little Rock High School. Hiyo ya 1905 ilikuwa sekondari pekee ya umma ya mji kwa watoto wa Kizungu. Haikupita miaka mingi nayo ikawa ndogo, ndipo wakaamua kujenga jengo ambalo halitazidiwa haraka na idadi ya watoto.

Jengo la 1927 lilikuwa na nini hata likawa gumzo?

Ukubwa na gharama. Lilimalizwa kwa dola milioni 1.5, fedha ambazo kwa wakati ule hakuna mji wa Marekani uliokuwa umeziweka kwenye sekondari moja. Lilikusudiwa wanafunzi 3,000 na lilikuwa na vyumba vya madarasa 100. Ukumbi wake unakaa watu 2,000. Zege iliyomwagwa inazidi tani 16,000, na chuma kilichotumika ni tani 370. Upande wake wa mbele umenyooka kando ya mtaa wa Park kwa urefu wa mitaa miwili, kuanzia mtaa wa 14 hadi wa 16. Ukumbuke urefu huo, maana tutaurudia.

Wasanifu walikuwa watano: John Parks Almand, George H. Wittenberg, Lawson L. Delony, Eugene John Stern na George R. Mann. Huyu wa mwisho ndiye aliyesanifu pia jengo la bunge la jimbo. Walichanganya mitindo miwili: Gothiki ya vyuo vikuu vya zamani, pamoja na mistari mirefu iliyonyooka ya miaka ya 1920 inayoitwa Art Deco. Matofali ni ya rangi ya udongo mwepesi, yamepambwa kwa mawe ya kuchongwa. Mbele kuna bwawa la maji, na ngazi zinapanda kutoka pande mbili kuelekea lango kuu. Mgeni anayelifikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni chuo kikuu au ikulu ya gavana. Wasanifu wa nchi hiyo walilitaja kuwa sekondari nzuri kuliko zote Marekani, na sifa hiyo watu wa Little Rock waliibeba kwa fahari kwa miaka thelathini.

Zile sanamu nne juu ya lango ni za nani?

Si za watu walioishi. Ni sanamu zinazowakilisha mambo manne ambayo mwanafunzi alitarajiwa kuwa nayo au kuyapata: Ari, Haiba, Fursa na Maandalizi. Zimepangwa juu ya milango ya mbele, zinamtazama kila anayepanda ngazi. Ukizitazama ukijua kuwa kwa miaka thelathini mtoto Mweusi hakuruhusiwa kupita chini yake kama mwanafunzi, hilo neno Fursa linauma.

Watoto Weusi walisoma wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, na ndipo wasimuliaji wengi wanaporuka.

Sheria ya Marekani tangu 1896 iliruhusu kutenganisha watu kwa rangi mradi huduma ziwe "sawa". Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye wazee wake walisoma enzi za ukoloni, shule za Wazungu kivyake, za Wahindi kivyake, za Waafrika kivyake, hahitaji kuelezwa usawa huo ulikuwaje. Little Rock ilikuwa imetumia dola milioni 1.5 kwa Wazungu. Miaka miwili baadaye, 1929, ikafunguliwa Paul Laurence Dunbar High School kwa ajili ya Weusi, iliyogharimu kama dola 400,000, na hata hizo hazikutoka zote mjini: mfuko wa Julius Rosenwald, uliosaidia kujenga maelfu ya shule za Weusi kusini mwa Marekani, ulitia mkono. Wasanifu Wittenberg na Delony walikuwemo pia katika kazi hiyo, ndiyo sababu Dunbar inafanana na Central kwa sura, ila ni ndogo zaidi. Kalamu zilezile, mji uleule, bajeti mbili.

Lakini asikudanganye mtu kwamba Dunbar ilikuwa shule ya kuhurumiwa. Ilikuwa na walimu hodari, ilifundisha masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na ilikuwa hata na chuo cha miaka miwili ndani yake. Mwaka 1942 mwalimu wake wa Kiingereza, Sue Cowan Williams, aliishtaki bodi ya elimu kwa kuwalipa walimu Weusi mishahara midogo kuliko wenzao Wazungu. Akapoteza kazi. Akashindwa mahakama ya kwanza, akakata rufaa, na mwaka 1945 akashinda. Miongoni mwa mawakili waliomsaidia alikuwa Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani. Watoto waliokuja kuingia Central mwaka 1957 walitoka katika jamii iliyokwisha kuzoea kudai haki mahakamani.

Jina "Central" lilitoka wapi?

Jengo lilifunguliwa likiitwa Little Rock Senior High School. Mwaka 1953, mji ulipokuwa ukipanga kujenga sekondari nyingine ya Wazungu, Hall High School, ikabidi majina yatofautishwe, na hii ya zamani ikawa Central.

Kwa nini mpango wa kuchanganya wanafunzi uliangukia Central na si Hall?

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Brown kuwa kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Bodi ya elimu ya Little Rock ilitangaza mapema kuwa itatii. Mkurugenzi wa elimu, Virgil Blossom, akaandaa mpango wa polepole sana: kuanza na wanafunzi wachache wa sekondari ya juu mwaka 1957, kisha kushuka madarasa ya chini kwa miaka iliyofuata. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kiliona mpango huo unavuta miguu, kikaenda mahakamani mwaka 1956, lakini jaji aliuafiki mpango.

Hall ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1957, upande wa magharibi ambako waliishi Wazungu wenye nafasi. Yenyewe ikaanza bila mwanafunzi Mweusi hata mmoja. Kwa hiyo familia za wafanyakazi wa Kizungu waliosomesha watoto Central walihisi kuwa wakubwa wa mji wamewasogezea wao mabadiliko, huku watoto wa wakubwa wakiwa salama upande wa pili. Hisia hiyo haihalalishi matusi wala ngumi zilizofuata. Ila inaeleza kwa nini viongozi wa ubaguzi walipata wafuasi kirahisi, na kwa nini jengo lile likawa kitu cha kupigania: ndilo lililokuwa mali bora kuliko zote ambayo Mzungu wa kipato cha chini angeweza kumpa mwanawe bila kulipa karo.

Wale wanafunzi tisa Weusi ni akina nani, na walipatikanaje?

Minnijean Brown, Elizabeth Eckford, Ernest Green, Thelma Mothershed, Melba Pattillo, Gloria Ray, Terrence Roberts, Jefferson Thomas na Carlotta Walls.

Walijitokeza wenyewe. Ofisi ya elimu ikawachuja waliojitokeza kwa kuangalia alama na tabia mpaka wakabaki 17, na kabla ya shule kufunguliwa baadhi yao walijitoa. Waliobaki waliambiwa mapema kuwa hawataruhusiwa kucheza katika timu za shule, kuimba kwaya wala kujiunga na vilabu. Watafika, watasoma, watarudi nyumbani. Wakakubali hata hivyo.

Septemba 1957 mambo yalikwendaje, siku kwa siku?

Tarehe 2, usiku wa kuamkia kufunguliwa kwa shule, Gavana Orval Faubus alitokea kwenye televisheni na kutangaza kuwa amewaita wanajeshi wa jimbo, Walinzi wa Taifa, eti kuzuia vurugu. Tarehe 4 watoto walipofika, walinzi hao waliwazuia wao. Waliacha Wazungu wapite.

Kesi ikarudi mahakamani. Tarehe 20 Jaji Ronald Davies alimwamuru gavana aache kuwazuia watoto, na walinzi wakaondolewa. Jumatatu tarehe 23 wote tisa waliingizwa kwa mlango wa pembeni, polisi wa mji wakijaribu kuwashikilia watu zaidi ya elfu moja waliojaa nje. Waandishi wa habari Weusi walipigwa barabarani. Mmoja wao, L. Alex Wilson, alipigwa teke na tofali akaendelea kutembea, kofia mkononi, akikataa kukimbia. Kabla ya mchana watoto wakatolewa kwa siri kwa kuhofia maisha yao.

Meya Woodrow Mann akaomba msaada Washington. Tarehe 24 Rais Eisenhower alitia saini amri namba 10730, akawaweka Walinzi wa Taifa wa Arkansas chini ya serikali kuu na kutuma zaidi ya askari elfu moja wa Divisheni ya 101 ya miamvuli. Asubuhi ya tarehe 25 watoto tisa walipanda zile ngazi za mbele, wakapita chini ya zile sanamu nne, wakiwa wamezungukwa na askari wenye bunduki.

Kwa nini Elizabeth Eckford alikuwa peke yake kwenye picha?

Kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na simu. Usiku wa tarehe 3 mpango ulibadilishwa: watoto wakutane mahali pamoja kwanza, waende na viongozi wa dini. Wenzake walipata habari. Yeye hakupata. Akaamka, akavaa gauni jeupe alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, akapanda basi.

Alipojaribu kupita, askari walimzibia njia. Akajaribu tena mahali pengine, wakamzibia tena. Hapo ndipo ule urefu wa jengo unapokuja. Kituo cha basi kilichoweza kumwokoa kilikuwa upande wa mtaa wa 16, kwa hiyo ilimbidi atembee mbele ya jengo lote huku umati ukimfuata kwa matusi na watu wakitaka anyongwe kwenye mti. Alifika, akaketi kwenye benchi. Mwandishi wa gazeti la New York Times, Benjamin Fine, aliketi kando yake kumtuliza. Mama mmoja wa Kizungu, Grace Lorch, alisimama naye mpaka basi likaja, akapanda naye. Mwaka 2018 benchi la kumbukumbu liliwekwa kwenye kona hiyo, na walioshiriki kulitengeneza ni wanafunzi wa Central wa leo.

Askari walipokuja, vurugu ziliisha?

Nje, ndiyo. Ndani zilibadilika sura. Kila mtoto alipewa askari wa kumfuata, lakini askari hakuruhusiwa kuingia darasani, chooni wala vyumba vya kubadilishia nguo. Na jengo la madarasa mia moja lina korido, ngazi na kona zisizohesabika. Watoto walisukumwa kwenye ngazi, walitemewa mate, walipigwa mateke, waliibiwa vitabu. Melba Pattillo alirushiwa tindikali machoni, akaokolewa na askari aliyemwagia maji haraka. Mwishoni mwa Novemba askari wa 101 walikuwa wameondoka, ulinzi ukabaki kwa Walinzi wa Taifa ambao wengi wao walikuwa vijana wa jimbo hilohilo.

Walikuwepo pia wanafunzi Wazungu waliokuwa wema, na walimu waliojitahidi kutenda haki. Wengi zaidi walinyamaza, kwa sababu aliyeonekana akizungumza na Mweusi, yeye pia alitengwa.

Ni kweli Minnijean Brown alifukuzwa kwa sababu ya bakuli la chakula?

Ndivyo ilivyoanza. Desemba 1957, kwenye chumba cha kulia, wavulana walikuwa wakimsukumia viti asipite, na bakuli lake la chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, likawamwagikia wawili wao. Wafanyakazi wa jikoni, ambao walikuwa Weusi, wakapiga makofi. Akasimamishwa masomo siku sita. Februari 1958 msichana mmoja alimpiga na mkoba, yeye akamjibu kwa maneno makali, akafukuzwa kabisa. Wanafunzi fulani wakasambaza vikaratasi vilivyoandikwa: "Mmoja katoka, bado wanane." Minnijean akaenda kumalizia masomo New York.

Nani wa kwanza kuhitimu?

Ernest Green, aliyekuwa pekee kati ya wale tisa katika darasa la mwisho. Mahafali yalifanyika Mei 1958, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Martin Luther King, ambaye wakati ule hakuwa bado na umaarufu wa kutambulika na kila mtu. Jina la Green liliposomwa, watu hawakupiga makofi kama walivyowapigia wengine. Green amesimulia kuwa ukimya ule haukumsumbua, kwa sababu alichokifuata alikuwa amekipata.

Nimesikia shule ilifungwa mwaka mzima. Ni kweli?

Kweli kabisa, na haikuwa Central peke yake. Tarehe 12 Septemba 1958 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Cooper dhidi ya Aaron kuwa jimbo haliwezi kuahirisha haki kwa kuogopa fujo. Majaji wote tisa walitia saini hukumu hiyo. Siku hiyohiyo Faubus akatumia sheria mpya kufunga sekondari zote za mji: Central, Hall, shule ya ufundi, na Horace Mann ya Weusi. Baada ya wiki mbili wapiga kura wakaunga mkono kwa kura 19,470 dhidi ya 7,561.

Wanafunzi 3,665 walikosa shule. Wengi wa Wazungu walipata pa kwenda: shule binafsi iliyoanzishwa haraka, au kwa ndugu miji mingine. Kwa Weusi, karibu nusu hawakusoma kabisa mwaka ule. Baadhi hawakurudi tena darasani maishani mwao. Walimu nao walikuwa na mikataba, kwa hiyo waliripoti kazini kila siku na kukaa katika madarasa matupu. Na mpira wa Kimarekani uliendelea! Timu ya Central ilicheza msimu wake wa 1958 wakati milango ya madarasa imefungwa. Kwangu mimi hakuna jambo linaloonyesha vipaumbele vya viongozi wale waziwazi kama hilo.

Mei 1959 wajumbe watatu wa bodi walijaribu kuwafukuza walimu na wafanyakazi 44 waliodhaniwa kuunga mkono mabadiliko. Hapo mji ukachoka. Akina mama wa Kizungu, waliokuwa wamejipanga tangu mwaka uliotangulia kudai shule zifunguliwe, waliungana na wafanyabiashara, na kwa kura ya tarehe 25 Mei wajumbe hao wakaondolewa. Shule zikafunguliwa Agosti 1959. Jefferson Thomas na Carlotta Walls wakarudi Central na kuhitimu 1960. Miezi michache kabla ya mahafali, nyumba ya akina Carlotta ililipuliwa kwa bomu. Akaenda shule kesho yake.

Daisy Bates alikuwa mwalimu wa hao watoto?

Hapana. Alikuwa mwenyekiti wa NAACP katika jimbo la Arkansas, na pamoja na mumewe L. C. Bates alichapisha gazeti la Arkansas State Press. Nyumba yake ndiyo watoto walikokutana kabla na baada ya shule. Ilirushiwa mawe na kuchomewa misalaba, ishara ya vitisho ya wabaguzi, na gazeti lao likafa mwaka 1959 baada ya watangazaji kujiondoa. Leo sehemu ya mtaa wa 14, ule unaopita kando ya shule, ina jina lake, na mwaka 2024 sanamu yake ilisimamishwa katika jengo la Bunge mjini Washington.

Je, jengo bado ni shule, au limekuwa makumbusho?

Bado ni shule ya umma, na wanafunzi Weusi ndio wengi. Mwaka 1982 lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, na Novemba 1998 likawekwa chini ya hifadhi ya kihistoria inayosimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa. Hakuna sekondari nyingine inayofundisha iliyo ndani ya hifadhi ya namna hiyo Marekani. Mwaka 1999 wale tisa walipewa Nishani ya Dhahabu ya Bunge. Jefferson Thomas alifariki 2010, na Thelma Mothershed 2024.

Dunbar nayo bado imesimama na inafundisha watoto wa shule ya kati. Ukifika Little Rock usiiache. Zitazame zote mbili siku moja, kwanza ya 1927, kisha ya 1929.

Nikitaka kutembelea nifanyeje?

Kituo cha wageni kiko ng'ambo ya barabara, na kuingia ni bure. Karibu yake kimehifadhiwa kituo cha zamani cha mafuta cha Mobil, ambacho simu yake ya kulipia ndiyo waandishi walioipigania kutuma habari mwaka 1957. Ngazi za mbele, bwawa na benchi la kona unaweza kuviona ukiwa nje. Kuingia ndani ya shule ni lazima uweke nafasi mapema na uongozwe na mhifadhi, maana ni siku za masomo. Kengele ya kubadilisha vipindi ikilia, kaeni ukutani mwa korido wanafunzi wapite.